Rubondo: weka hema ufukweni, zima spika, wanyama watakuja wenyewe

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu nauelekeza kwanza kwa wenzangu wa Kanda ya Ziwa. Likizo ikikaribia wote tunataja Serengeti, Ngorongoro na Zanzibar. Ziwa tumelizoea kama mahali pa kununua sato na kupanda kivuko, basi. Nikitaja Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, wengi wananiuliza iko wapi, na wamo watu wa Chato kabisa ambao wakisimama ufukweni kwao kisiwa kile pale wanakiona.

Nimelala kule kwa hema zaidi ya mara moja, na ninachotaka kusema ni hiki: Rubondo inampa mtu kadiri anavyotulia. Anayekwenda kusaka simba atarudi ananung'unika, maana simba hakuna, chui hakuna, fisi hakuna. Anayekubali kukaa sehemu moja kando ya maji, asubuhi na jioni, bila haraka na bila kelele, ataona mambo ambayo ukiwa ndani ya gari la safari huyaoni.

Kwa wasioijua: Rubondo iko pembe ya kusini-magharibi ya Ziwa Viktoria, upande wa Chato na Geita. Ilifanywa pori la akiba mwaka 1965, wakazi waliokuwa wakivua na kulima pale wakahamishwa, kisha mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa. Eneo lote ni takriban kilomita za mraba 457, na karibu nusu yake ni maji. Hapo kwenye maji nataka tupazingatie. Kuvua kibiashara ndani ya mpaka wa hifadhi ni marufuku. Ziwa letu lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, nchi tatu zinalitumia, na kote huko ni mialo, injini, nyavu na karabai. Rubondo ni kipande ambacho samaki wanapata nafasi ya kuzaliana, mafunjo yanaota bila kukatwa, na ufukwe hauna mtu. Nchi kavu karibu yote ni msitu, tena msitu unaoshuka hadi majini, matawi mengine yanagusa maji.

Kufika siku hizi si taabu kama zamani. Ukitoka Mwanza, foleni ya kivuko cha Kigongo haipo tena, kuna daraja la kilomita 3 lililofunguliwa mwaka 2025. Unapita Sengerema, Geita, mpaka Muganza wilayani Chato. Hapo jirani kuna bandari ndogo ya Kasenda, na boti ya kwenda kisiwani haizidi nusu saa. Ukishuka, gari la hifadhi linakupeleka Kageye, makao makuu, ambako kuna vibanda vya kulala na uwanja wa kuweka mahema. Njia nyingine ni ya Nkome, lakini huko unakaa majini kama saa mbili. Wenye ndege wanatua kisiwani moja kwa moja, hao sina la kuwaambia.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe.

Kwanza jua saa za ziwa. Mchana jua likipasha nchi kavu, upepo unatoka ziwani kuja bara, na ndiyo maana alasiri kuna mawimbi. Usiku unageuka, unatoka bara kwenda ziwani. Katikati ya zamu hizo mbili kuna muda hewa inasimama kabisa na maji yanalala. Asubuhi ndiyo bora zaidi. Huku kwetu magharibi jua linachelewa, linachomoza karibu na saa moja, kwa hiyo ukiamka saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga wa kijivu na ziwa halina hata kunyanzi. Jaza chai kwenye chupa usiku, usianze kuhangaika na jiko alfajiri. Toka, kaa chini, nyamaza.

Wa kwanza kujitangaza huwa ni furukombe, yule tai wa kichwa cheupe. Hulia wawili wawili, dume na jike, mmoja anaanza na mwenzake anadakia, wanarusha vichwa nyuma mpaka vinagusa mgongo. Jike ni mkubwa zaidi. Pale Rubondo wamejaa, kila kipande cha ufukwe kina jozi yake, kwa hiyo jozi moja ikimaliza unasikia ya pili mbele kidogo, halafu ya tatu kwa mbali, sauti inazunguka pwani yote. Ukimwona ameacha tawi na kushuka kwa mteremko mrefu, usiangalie yeye, angalia maji mbele yake. Havui samaki wa kina kirefu, anamnyakua anayeelea juu juu, na nyayo zake zina miiba midogo ya kumshikia samaki anayeteleza. Akipata mzito asioweza kupaa naye, anamburuta juu ya maji mpaka nchi kavu.

Mdiria mweusi na mweupe ndiye kipenzi changu. Huyu anasimama hewani mahali pamoja, mbawa zinakwenda kasi, kichwa hakitikisiki hata kidogo, mdomo umeelekezwa chini. Kisha anajiachia. Ndege wengi wa kabila lake wanahitaji tawi la kuvulia na kulia, yeye anaweza kumeza samaki akiwa bado anaruka, ndiyo maana utamwona mbali na ufukwe ambako mdiria wengine hawafiki. Kumtambua dume, tazama kifua: dume ana mikanda miwili myeusi, jike ana mmoja ambao haukutani katikati. Ukishajua hilo unaanza kuwaona kama watu, huyu na mkewe, yule bado kijana.

Halafu kuna nzohe. Wakuu, kwa ajili ya nzohe peke yake ningefunga safari. Ni swala wa majini, na Rubondo ndiko kwao tangu asili, hakuletwa na mtu. Kwato zake ni ndefu na zinapanuka, ndizo zinazomwezesha kutembea juu ya tope na majani yaliyolala bila kuzama. Akishtuka haendi mbio nchi kavu kama swala wengine, anaingia majini. Anaweza kuzama akabakiza pua tu. Mara moja nilikuwa nimekaa karibu na matete, nimetazama mahali pale kwa muda mrefu, naona majani tu. Kisha sikio moja likatikisika kufukuza inzi. Alikuwepo wakati wote, jike, maji yamemfika tumboni, manyoya yamelowa yana rangi ileile ya mizizi ya mafunjo. Akanitazama, akaendelea kutafuna. Ndama wake alikuwa nyuma yake hatua mbili, naye sikuwa nimemwona. Kama ningekuwa natembea, wangeingia ndani kabla sijafika, na ningeapa kwamba pale hakuna kitu.

Wapo wengine utakaowaona bila kuwatafuta. Fisi maji hupita karibu na mawe asubuhi, kichwa tu juu ya maji, akizama unaona mapovu. Pongo wanakula nyasi pale pale Kageye kati ya majengo. Kenge wanapita wakifukua mayai ya mamba. Korongo mkubwa anasimama kimo cha mita moja na nusu na hajali uwepo wako. Tembo na twiga wapo pia, hao waliletwa. Sokwe nao waliletwa: kati ya 1966 na 1969 walirejeshwa 17 kutoka Ulaya, kwa juhudi za Bernhard Grzimek na Shirika la Zoolojia la Frankfurt. Walikuwa wamefungiwa kwenye mabanda na sarakasi, wakaachiwa msituni bila kufundishwa chochote, na wakaweza. Leo wako wazao wao ambao hawajawahi kuona kizimba. Faru weusi waliletwa vilevile, ila hao ujangili uliwamaliza. Na mwaka 2000 wakaachiwa kasuku wa kijivu walionaswa kwa wafanyabiashara haramu. Habari za sokwe zinahitaji uzi wake, mimi leo niko ufukweni.

Usiku mahema yanapata wageni. Kiboko anatoka majini giza likiingia na anakuja kula nyasi za uwanjani. Ukiwa ndani ya hema unasikia midomo ikikata majani, kisha pumzi, kisha hatua, kisha tena midomo. Ni mnyama wa zaidi ya tani moja na anaweza kula kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja, kwa hiyo hana haraka. Usiwashe tochi, usifungue zipu. Sikiliza tu.

Ombi langu kwa mtakaokwenda: spika za muziki ziacheni nyumbani. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona kundi likitua ufukweni na muziki ukafunguliwa kabla hata hema halijasimama. Sauti juu ya maji yaliyotulia inafika mbali mno, hakuna mti wala kichaka cha kuizuia. Nzohe aliye kwenye matete ya upande wa pili wa ghuba anaisikia. Jioni ile hakukuja hata pongo.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

Mdau wa Geita:

Uzi mzuri mkuu. Ila hapo kwenye kiboko umepita haraka. Mimi nimekulia mwaloni, kiboko najua anaua wavuvi. Unalalaje kwenye hema naye anatafuna sentimita kadhaa kutoka kichwani?

Mleta uzi:

Swali la msingi mkuu. Kiboko anaua hasa pale anapoona amezuiliwa njia ya kurudi majini, au pale mtumbwi unapomkuta juu yake. Hema lililofungwa, lisilo na chakula ndani, lisilo na mtu anayetokatoka, kwake ni kama jiwe. Kazi yako ni kuliweka mahali sahihi kungali mchana.

Tembea ukingoni utafute njia zake. Kiboko anapita palepale kila usiku, na miguu yake mifupi iliyoachana inachimba mifereji miwili sambamba, katikati panabaki tuta la nyasi. Ukiona alama hiyo inapanda kutoka majini, sogea mbali nayo, usiseme "leo labda hatapita". Atapita. Pia muulize askari wa hifadhi akuonyeshe mahali, wao wanajua kila njia. Ukihitaji kutoka usiku, mulika kwanza pande zote ukiwa mlangoni, na usijiweke kati yake na ziwa hata kama yuko mbali. Mnyama yule anakimbia kilomita 30 kwa saa, wewe huwezi.

Mwenyeji wa Ukerewe:

Nimefurahi kusoma. Naongeza jambo moja la sisi wavuvi. Wanaopanga kwenda waangalie mwezi. Kukiwa na giza, nje ya mpaka wa hifadhi mitumbwi ya dagaa inatoka na taa, na ukiwa kisiwani utaona taa hizo zimepangana kwenye upeo wote, utadhani kuna mji kule majini. Mwezi ukiwa mpevu hatutoki, mwanga wa taa haufui dafu mbele ya mbalamwezi na dagaa hawaji. Siku hizo ziwa linakuwa tupu kabisa.

Na nikuunge mkono kuhusu mazalia. Sisi wazee wetu walikuwa wanavua furu wa kila rangi. Tangu sangara aletwe miaka ya 1950 na kutapakaa, furu wengi wamepotea. Hata sangara mwenyewe siku hizi anavuliwa mdogo. Bila sehemu kama hizo ambazo nyavu haziingii, sijui wajukuu watavua nini.

Mleta uzi:

Asante sana mzee wangu, hili la mwezi ni la kuandika kwenye kalenda. Mimi napenda zote mbili. Za giza kwa ajili ya hizo taa na nyota, za mbalamwezi kwa sababu unawaona viboko wenyewe uwanjani bila tochi, migongo inang'aa.

Na hilo la sangara mdogo ukienda Rubondo unaliona kwa macho. Wageni wanaolipia kibali cha kuvua kwa ndoana wanakwenda pale kwa sababu bado kuna sangara wakubwa, na wakimpata wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini.

Mama wa Wawili:

Kaka, naomba kuuliza kuhusu watoto. Wangu wana miaka 9 na 12. Ziwa wakiliona hawakamatiki, watataka kuogelea. Na mbu je?

Mleta uzi:

Dada yangu, waende, umri huo ni mzuri kabisa, ila kuogelea waambie tangu nyumbani kwamba hakuna. Sababu ya kwanza ni mamba, na wa Rubondo ni wakubwa kwa sababu samaki wapo tele na hakuna anayewasumbua. Sababu ya pili ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea hivyo wanaishi kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale mtoto anapopenda kuchezea, na vimelea vinapenya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha lolote. Maji ya kuoga tumia ya bomba la kambini. Kama ni lazima uchote ziwani, yachemshe, au yaache kwenye ndoo siku mbili kabla ya kuyatumia, vimelea vinakuwa vimekufa.

Mbu wapo, hema liwe na neti nzima na mvae mikono mirefu jioni. Ndani ya msitu kuna mbung'o, na huyu ndiye wa kumwangalia zaidi. Anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo suruali za jinzi ziacheni, vaeni kaki au kijivu. Dawa za kujipaka hazimtishi sana.

Wape watoto kazi ya kukaa na darubini na kuhesabu mdiria dume na jike. Nimeona watoto wakikaa saa nzima kwa mchezo huo, wakibishana huyu ni mke huyu ni mume. Tumbili watawafurahisha pia, ila mkate usiachwe mezani hata dakika moja.

Kijana wa Buzuruga:

Mkuu nakuheshimu lakini hapa tutofautiane. Watu tunafanya kazi wiki nzima, tunachanga pesa, tunakwenda kambini kufurahi. Muziki wa wastani jioni una ubaya gani? Si kila mtu anataka kukaa kimya kama yuko kwenye maombi.

Mleta uzi:

Sikukatazi kufurahi ndugu yangu, na muziki naupenda. Nakuomba uangalie unachokilipia. Ziwa lenye nyama choma na muziki unalo hapo Mwanza kila mwisho wa wiki, kwa bei ndogo, bila boti. Rubondo umelipa nauli, kiingilio, boti na uwanja wa hema ili upate kile ambacho Mwanza hakipo. Ukifungua spika unakuwa umesafiri umbali wote huo kukifukuza.

Tena hapo si wewe peke yako. Ufukwe ni mmoja, ukipiga muziki umeamua kwa niaba ya kila aliye kambini na kila kilicho kwenye matete. Mwenye mazalia karibu, awe ndege au fisi maji, hana mahali pengine pa kuhamia jioni hiyo.

Nikupe pendekezo la dhati. Nenda na rafiki zako, pikeni, pigeni hadithi, chekeni, sauti ya watu wanaozungumza haina shida. Ila saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili kaeni ufukweni bila simu. Mara moja tu. Halafu rudi hapa kwenye uzi utuambie ulichokiona, nitafurahi kusoma hata kama utasema hukupenda.

Kijana wa Buzuruga:

Sawa mkuu, hapo umeongea. Nitajaribu. Nipe basi mwezi wa kwenda na cha kubeba.

Mleta uzi:

Juni hadi Agosti ni kiangazi, njia za msituni ni kavu na sokwe kuwafuatilia ni rahisi, ila upepo wa mchana ni mkali na ziwa linachafuka. Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba kuna vuli. Mimi mvua hainikimbizi, maana baada ya mvua hewa ni safi na ndege wanaimba zaidi, lakini ujue radi za Ziwa Viktoria zinapenda usiku wa manane na alfajiri. Pepo za bara zinakutana katikati ya ziwa, zinasukuma hewa yenye unyevu juu, na mawingu yanajengeka wakati watu wamelala. Hema liwe na kifuniko cha juu kinachofika chini, na ulichimbie vigingi kweli kweli.

Chakula chote nunua kabla ya kuvuka: mchele, unga, mafuta, chumvi, mboga zinazodumu kama kabichi na karoti. Mtungi mdogo wa gesi ni bora kuliko kutegemea kuni, na kuni za msituni haziokotwi ovyo. Mifuko ya plastiki usibebe, ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na getini wataikagua. Tochi ya kichwani, neti, koti la mvua, na darubini hata ya kuazima. Kama huna darubini, usiahirishe safari kwa ajili hiyo, kwa sababu ukitulia vya kutosha wengi wanakuja karibu.

Viingilio kwa Mtanzania vinalipwa kwa shilingi na ni vidogo sana ukilinganisha na vya wageni, ubebe kitambulisho cha taifa. Bei za sasa na nafasi ya hema waulize TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla ya kutoka nyumbani, na kwenye simu hiyohiyo panga nao boti, kwa sababu haiondoki kwa ratiba kama daladala. Omba ya asubuhi. Ukifika Kasenda saa tisa mchana utavuka na mawimbi, utalowa wewe na godoro lako.